Bomba Jipya na Kabureta ya Kale

Huenda wengine wenu mtashangaa kuona walimu wakiandika habari za pikipiki badala ya habari za shule. Lakini jambo lililotupata sisi walimu wawili wa Kitendaguro lilitutia hasara ya fedha, na zaidi ya fedha, lilimwumiza mtoto wa watu. Na chanzo chake kilikuwa kitu kidogo cha shaba, kisichopita sana ukubwa wa punje ya mhindi. Kwa hiyo tumeona vema kuliandika kama lilivyokuwa, pasipo kujipendelea.

Sisi tunakaa Kitendaguro, katika mji wa Bukoba, ambako njia nyingi ni za kupanda na kushuka. Mwaka 2021 tuliunganisha akiba zetu tukanunua pikipiki ya zamani aina ya Yamaha, ya cc 125, yenye injini ya mipigo miwili. Watu wazima wanazikumbuka. Zilitumiwa zamani na mabwana shamba, na waganga wa vijijini, na misheni, na nyingine zilikuja mkoani kwetu pamoja na mashirika yaliyowahudumia wakimbizi wa Rwanda waliovuka kuingia Ngara mwaka 1994. Sauti yake si kama ya bodaboda za leo: hulia kwa ukali kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, na moshi wa kibuluu huifuata nyuma. Vijana wa bodaboda walitucheka, wakatuuliza kama tumenunua pikipiki au tanuru. Hatukujali, maana ilikuwa yetu.

Kwa ajili ya wale wasioijua injini ya namna hii, yafaa tueleze kidogo. Injini ya bodaboda za siku hizi hufanya kazi kwa mipigo minne: pistoni hushuka ikivuta, hupanda ikikaza, hushuka kwa nguvu ya moto, kisha hupanda ikitoa moshi, nayo ina valvu zake zinazofunguka na kufungwa kwa zamu. Injini yetu haina valvu za namna hiyo. Ukutani mwa silinda mna matundu tu, na pistoni yenyewe ipandapo na kushukapo huyafunika na kuyafunua. Huwaka kila mzunguko, wala si kila baada ya mizunguko miwili. Tena oili haikai chini katika bakuli lake, bali huingia pamoja na petroli, hulainisha, kisha huungua na kutoka nje. Ndiyo sababu ya moshi ule. Pikipiki yetu ilitengenezwa ikiwa na pampu yake ya oili, lakini aliyeitumia kabla yetu aliiondoa. Basi sisi tulichanganya kwa mkono, lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli.

Miaka miwili ilitutumikia vizuri. Kisha ikaanza kuchoka. Watu wawili ikiwapakia, ilishindwa kupanda mlima isipokuwa kwa gia ya kwanza. Fundi mmoja akafungua bomba la moshi, ambalo wao huliita ekzosi, akatuonyesha jinsi masizi yalivyoganda ndani hata njia ikabaki nyembamba; tena chini lilikuwa limeliwa na kutu. Lingeweza kuchomwa moto, likagongwagongwa masizi yakatoka, likatiwa kiraka cha chuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa shauri ya busara na ya bei ndogo. Walakini wakati ule ule alipita mchuuzi mmoja wa vifaa, ametoka Kampala, akiwa na bomba lililokwisha tumika katika pikipiki za mashindano ya matopeni. Lilikuwa limevimba katikati kama sangara mwenye mayai, likachongoka huku na huku, na mwishoni lina kijibomba chembamba cha kutolea moshi. Tulipoliona, mioyo yetu ikavutwa.

Tukamwuliza, “Je, hili halihitaji kubadilishiwa kitu kingine?”

Akasema, “Fungeni tu, walimu. Mtaona wenyewe.”

Tukalifunga, na kweli tukaona. Siku ya kwanza tulipokaza mafuta katika mlima, pikipiki ilisitasita kidogo, ikakohoa, kisha ghafula ikaruka kama ng'ombe aliyechomwa na dondola. Vijana wa bodaboda walinyamaza. Sisi tulio watu wazima, wenye kufundisha watoto unyenyekevu, tulitafuta safari zisizo na sababu ili tupite mbele yao.

Hapa yatupasa kueleza bomba lile lilifanya nini, ijapokuwa sisi wenyewe tulikuja kujua baadaye. Katika injini ya mipigo miwili tundu la kutolea moshi na matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya huwa wazi pamoja kwa kitambo kidogo. Ni kama nyumba yenye milango miwili iliyo wazi: wageni wanaingia huku, na wengine wanatokea kule kabla hawajaketi. Petroli nyingi hupotea hivyo bila kuungua. Basi bomba lililotengenezwa kwa akili huwa ndilo mlinzi wa mlango. Moshi utokapo kwa kishindo hutuma wimbi ndani ya bomba. Wimbi lile lifikapo penye kupanuka, sehemu yake hurudi nyuma kama mvuto, ikasaidia kuvuta mchanganyiko mpya uingie silindani, hata mwingine ukapita ukaingia bombani. Kisha lifikapo penye kusinyaa, hurudi kama msukumo, likaurudisha ndani ule uliotoroka, hapo hapo pistoni inapoziba tundu. Haya yote hutendeka upesi mno. Injini izungukapo mara 6,000 kwa dakika, hutendeka mara 100 katika sekunde moja. Kwa hiyo urefu wa bomba na umbo lake huchagua mwendo ambao mawimbi yatafika kwa wakati wake. Chini ya mwendo huo msaada haupo, hata pengine wimbi hufika wakati usiofaa likaleta kikohozi. Injini ikiufikia, nguvu huja kwa mara moja.

Mtu aliyeyapima mambo haya kwa bidii kuliko wengi alikuwa Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ katika mji wa Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, katika miaka ya 1950. Kiwanda kile hakikuwa na fedha nyingi, lakini kufikia mwaka 1961 injini yao ya mashindano ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi zipatazo 25, jambo lililowashangaza watu wa nchi tajiri. Mwaka ule ule mpanda pikipiki wao, Ernst Degner, alitoroka baada ya mashindano ya Sweden, akaenda kwa Suzuki ya Japani na maarifa aliyoyapata; na mwaka 1962 alipata ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 50 juu ya Suzuki. Tangu hapo mabomba yenye tumbo yakaenea duniani, na mmoja wa wajukuu wake ndiye aliyefika Kitendaguro begani mwa mchuuzi.

Lakini Kaaden hakubadili bomba peke yake akaiacha kabureta kama ilivyokuwa. Sisi ndivyo tulivyofanya.

Hata baada ya majuma mawili matatu tuliona mambo fulani. Moshi ulipungua, tukafurahi, tukasema injini imetakasika. Tulipofungua plagi tuliikuta nyeupe kama chokaa ya ubaoni, tukaonyeshana, tukasema, “Tazama ilivyo safi.” Tulipokaza mafuta kwa muda mrefu, sauti yake ilikuwa kavu, tena ndani yake mkasikika mlio mdogo kama changarawe katika kopo. Huo haukutupendeza. Mmoja wetu akasema labda oili haitoshi. Basi tukaongeza oili, tukatia lita 1 kwa lita 16. Fundi mmoja wa bodaboda alitusifu kwa kuongeza. Tukawa na amani, kwa maana pikipiki haijapata kukimbia kama ilivyokimbia siku zile.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni 2023 mmoja wetu alikuwa na safari ya Kamachumu, katika wilaya ya Muleba. (Hatumtaji ni yupi, kwa kuwa lawama ni yetu sote wawili.) Jirani yetu, mama mjane, akamwomba amchukue mtoto wake wa darasa la sita, akamsalimu bibi yake huko na kumpelekea dawa. Mtoto akavikwa helmeti, nayo ilikuwa ya pekee tuliyokuwa nayo. Wakapita Kyetema na Kemondo, wakafika Muhutwe, wakaiacha njia kuu wakaanza kupanda. Kulikuwa na ubaridi, na hewa ya baridi ni nzito. Pikipiki ilipanda kwa gia ya tatu, mafuta yamekazwa mpaka mwisho, muda mrefu, bila kulalamika. Mtoto alicheka kwa furaha. Walipofika juu, mahali pa tambarare, wakaona mbuzi wanavuka njia. Mwenzetu akaachia mkono wa mafuta ghafula.

Hapo hapo injini ikakaza, na gurudumu la nyuma likasimama kama lililoshikwa kwa mkono. Laiti angalibana klachi mara ile, gurudumu lingalifunguka. Lakini hatukujua, wala hatukupata kufundishwa. Pikipiki ikateleza upande. Mwenzetu alichubuka mguu na kiwiko. Mtoto alianguka juu ya mkono wake wa kuume, na mfupa ukavunjika karibu na kifundo. Watu wema wakawachukua kwa gari mpaka hospitali ya Ndolage, na huko mtoto akafungwa plasta.

Jioni tulikwenda sote wawili kwa mama yake. Hakupiga kelele. Alimtazama mtoto, akautazama mkono, kisha akatuuliza, “Walimu, hiyo pikipiki haikuwapa dalili yo yote?”

Tukajibu, “La, mama, haikutupa.”

Wakati ule tulidhani tumesema kweli. Au tuseme, tulitaka kudhani hivyo.

Pikipiki ililetwa juu ya gari la ndizi. Mafundi wawili watatu wakaitazama. Wote ni mafundi hodari wa mipigo minne, nao wakasema neno moja: “Oili ndogo.” Tulipowaambia tulikuwa tumeongeza oili, wakasema basi ilikuwa oili mbaya. Ndipo mzazi mmoja wa shuleni akatuambia twende Nyamukazi, pwani ya ziwa, kwa mzee anayetengeneza mashine za mitumbwi ya wavuvi. Maana nyingi za mashine zile ni za mipigo miwili, na mtu aliyezizoea hadanganyiki kwa urahisi.

Tulimkuta mzee ameketi juu ya kreti, mikono myeusi kwa grisi. Tukamsalimu, tukamweleza. Hakusikiliza sana; alitaka kuona. Alipofungua silinda akaichukua pistoni, akaigeuza juani, akatuita.

“Waitu, walimu, njoni msome,” alisema. “Nyinyi ndinyi wenye kusoma.”

Akatuonyesha upande uliokuwa ukielekea tundu la moshi. Ulikuwa umekwaruzwa kuanzia juu mpaka chini, na madini ya pistoni yamepakazwa ukutani mwa silinda kama siagi juu ya kisu. Pande nyingine zilikuwa zimeguswa kidogo tu. “Kama ni oili tupu iliyokosekana,” akasema, “ingekwaruzika kuzunguka pande zote. Hii imeungua upande wa moto.” Kisha akaichukua plagi, akatuambia tutazame karibu. Juu ya kauri nyeupe mlikuwa na chembe ndogo sana zinazong'aa kama fedha. Tulikuwa tumeziona zamani, tukadhani ni vumbi. Zilikuwa ni pistoni yenyewe, inayeyuka kidogo kidogo na kurukia plagi.

“Injini yenu ilikuwa na njaa,” mzee akasema. “Bomba hili linakula sana, nanyi mmeliacha na chakula cha bomba la kale.”

Tukamwuliza, “Mbona ilikuwa na nguvu kuliko siku zote? Mwenye njaa hupata wapi nguvu?”

Mzee akacheka, akasema injini si mtu. Injini ya mipigo miwili ikipungukiwa petroli kidogo huwa nyepesi, hukimbia vizuri, hulia vizuri, na moshi hupungua. Na hali hiyo ni jirani kabisa wa kifo chake. Ile yenye kushiba mno hukohoa, hutoa moshi mwingi, humtia bwana wake aibu, lakini haifi upesi. Kwa hiyo mtu afuataye sikio lake katika kutafuta mbio hupita ukingo bila kujua.

Maneno haya yalituingia. Kwa maana yale yote tuliyoyaona, moshi kupungua, plagi kuwa nyeupe, sauti kuwa kavu, yalikuwa ndiyo dalili aliyotuuliza mama wa mtoto. Tuliziona zote. Tulizipenda.

Sasa tueleze habari ya kabureta, kwa wale watakaopata haja nayo. Ndani yake mna jeti, yaani vipande vya shaba vyenye tundu jembamba katikati, na petroli haina njia ila kupita humo. Kila jeti ina namba. Namba ikizidi, tundu ni kubwa zaidi. Hewa ipitapo kwa kasi juu yake huivuta petroli, nayo hutoka kama manyunyu. Mtu angeweza kusema: basi bomba likivuta hewa nyingi zaidi, petroli nayo itavutwa zaidi, kwa nini kubadili? Ni kweli huzidi, lakini si kwa kipimo kile kile kila mwendo, na mchanganyiko unaojaa silindani huwaka kwa joto kubwa kuliko zamani. Petroli yenyewe ndiyo inayoipoza pistoni, na ndiyo inayobeba oili. Ikipungua, vyote viwili vinapungua.

Na hapa kuna jambo lililotuaibisha sana. Tulidhani kuongeza oili ni kuihurumia injini. Mzee akatuuliza, “Jeti hupima nini?” Tukasema, “Hupima kinachopita.” Akasema, “Je, katika kinachopita, oili ikizidi, ni kitu gani kimepungua?” Tuliona haya, maana ni hesabu ya darasa la nne. Petroli ilikuwa imepungua. Tena oili nyingi huufanya mchanganyiko kuwa mzito, upite polepole zaidi katika tundu. Tulipoongeza oili tuliizidishia njaa injini ambayo tayari inakufa kwa njaa.

Silinda ikapelekwa Mwanza kuchongwa, tukanunua pistoni iliyozidi ya kwanza kwa nusu milimita. Gharama yake ilipita bei ya bomba mara tatu. Jeti zikaagizwa Kampala. Rafiki yetu aliye Tanga alituandikia namba inayomfaa yeye kwa pikipiki na bomba kama letu, lakini mzee alikataa kuifuata. Tanga iko pwani, usawa wa bahari. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na huku hewa imepungua uzito karibu sehemu moja katika kumi. Jeti ya Tanga ingekuwa kubwa mno Bukoba. Na ya Bukoba mtu akishuka nayo Tanga ataiunguza injini yake kama sisi. Fundi mwingine akajitolea kuipanua jeti yetu ya kale kwa waya. Mzee akamzuia, akasema tundu la waya halina namba wala halina mviringo, na ukikosea huna pa kurudi.

Kabla ya kugusa jeti, alikagua mpira unaounganisha kabureta na injini kama una ufa, na chujio la hewa kama ni zima. Kwani hewa ikiingia kwa mlango wa wizi, jeti haitengenezi kitu. Tukarudia kuchanganya lita 1 kwa lita 25. Kisha akaanza kwa shibe. Jeti yetu ya kwanza ilikuwa 130. Yeye akatia 150. Tukaenda katika barabara ya Muleba, mahali palipo sawa. Namna ya kupima ni hii: injini ikiisha kupata moto, kaza mafuta mpaka mwisho katika gia ya juu kwa kitambo, kisha zima na kubana klachi kwa wakati mmoja, bila kuiacha ingurume polepole, ujiache usimame, ufungue plagi uisome. Ukiirudisha nyumbani kwa mwendo mdogo ndipo uisome, utasoma habari za mwendo mdogo.

Kwa 150 ilikohoa kama mzee mwenye pumu, na plagi ilitoka nyeusi, yenye maji maji. Kwa 145 ilikimbia vizuri, na plagi ikawa ya rangi ya kahawa, kama zile tunazotafuna. Kwa 140 ilikimbia vizuri zaidi, na rangi ikawa ya kahawa iliyotiwa maziwa mengi. Tukasema, “Basi, hii ndiyo.” Mzee hakujibu. Aliifungua akairudisha 145, akakaza skrubu kwa nguvu kama mtu afungaye mjadala. Akasema siku ya leo ni ya joto. Je, asubuhi ya baridi itakuwaje?

Lakini jeti kubwa hutawala pale tu mafuta yanapokaribia kukazwa mpaka mwisho. Katikati hutawala sindano inayopanda na kushuka ndani ya tundu, nayo ina kibanio: kikisogezwa mkato mmoja chini, sindano huinuka na petroli huongezeka. Tukasogeza mkato mmoja. Mwanzoni kabisa, mkono unapofunguliwa kidogo tu, hutawala jeti ndogo na skrubu ya hewa. Na huko jambo lilikuwa kinyume, maana bomba lile halisaidii kitu mwendo ukiwa mdogo, na injini ilikuwa ikilewa petroli. Basi tukaifungua skrubu nusu mzunguko, hewa iingie zaidi, na kile kikohozi cha mlimani kikapungua, ingawa hakikwisha. Kwa hiyo mtu asemaye “tia jeti kubwa” amesema sehemu moja tu ya maneno. Kazi hii ilichukua Jumamosi nne. Mzee hakutaka fedha nyingi. Alitaka daftari tulimoandika namba zote, tukamnakilia.

Jumamosi ya mwisho, tulipotoka Nyamukazi, hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Tulikuwa na pistoni ile ya kale, tumeifunga katika gazeti. Tukabisha hodi kwa mama wa mtoto. Alitukaribisha, akatupa viti. Tukamwambia kwamba siku ile alipotuuliza kama pikipiki ilitupa dalili, jibu letu halikuwa sawa. Ilitupa nyingi, karibu mwezi mzima, nasi tulizifurahia kwa sababu ilikuwa inakimbia. Tukaifungua pistoni, tukamwonyesha upande uliokwaruzwa, na chembe za plagi.

Aliishika muda mrefu, akipitisha kidole juu ya michirizi. Akauliza bei ya pistoni mpya, tukamwambia. Akauliza nani alilipa gari la Ndolage, tukamwambia ni sisi. Akasema, “Vema.” Kisha akamwita mtoto alete maji ya kunywa, naye akaleta vikombe viwili, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto.

Sasa mtoto yule yuko sekondari. Mkono umepona, isipokuwa kifundo hakijipindi sawa na mwenzake. Kila tunapofungua plagi yeye huja akasimama karibu, akaisoma kabla yetu, na mara nyingi hakosei rangi. Mwaka jana pikipiki ilianza tena kupunguza moshi, naye ndiye aliyetangulia kusema; tukakuta chujio limechanika. Lakini kupanda, mama yake hajampa ruhusa mpaka leo, wala sisi hatujamwombea.